Yeye, Yeye au Wao?

Ukifungua gemu iliyopitishwa kwenye tafsiri ya mashine, ukafika pa kuunda mhusika, chini ya rangi ya ngozi unaulizwa kiwakilishi. Chaguo tatu: Yeye. Yeye. Wao. Haya, chagua! Kwenye kibanda cha gemu Mikindani muda unalipiwa, foleni nyuma yako inaguna, na wewe unatafuta tofauti ya Yeye na Yeye.

Kiingereza kinahitaji swali hilo kwa sababu he (wa kiume) na she (wa kike) ni maneno mawili, na they, inayotafsiriwa "Wao", hutumika hata kwa mtu mmoja. Kiswahili kina "a-" moja tu: anakimbia, amekufa; na "-ake" moja: upanga wake. Ukibonyeza "Wao" ndiyo balaa, shujaa mmoja anageuka kundi: "wamechomoa panga zao", na kwenye skrini yuko peke yake.

Jinsia kwetu imejificha kwingine kabisa. Muuza silaha atakuita kaka au dada? Ukifunga ndoa, umeoa au umeolewa? Hapo menyu iko kimya, na kila mtu anaitwa "bwana", hata mwenye hereni na kanga.

Gemu ya Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 ilifunga kiwakilishi kwenye sauti: sauti ya kike, basi she. Gemu nyingine, Baldur's Gate 3, ikatenganisha mwili, sauti na utambulisho. Vizuri. Kwa Kiswahili, futeni mstari wa kiwakilishi, wekeni "Uitweje: kaka, dada, au jina tu?", na kitenzi cha ndoa kiandikwe "wamefunga ndoa".

Na hiyo "bwana" iondoeni leo.