Jumba la Sintra lina deni na Kilwa

Ukishuka treni Sintra, mwendo wa dakika arobaini hivi kutoka Lisbon, utaona watu wanagombania basi la kupanda mlimani kwenye kasri la Pena, lile la rangi nyekundu na njano linalojaa kwenye picha za watalii. Waache waende. Jumba la kuliona liko hapo hapo mjini, hatua chache tu kwa miguu: jeupe, halina makuu, na juu yake zimechomoza dohani mbili kama pia zilizogeuzwa juu chini.

Kila moja inafika mita 33. Chini yake ni jiko. Nilisimama katikati, nikainua kichwa, sikuona dari. Kuta zilipanda juu zikijifinya hadi kubaki tundu la mwanga. Ukutani kumepangwa meko, na masufuria ya shaba ambayo ng'ombe nusu angeenea. Nimeona viti vya enzi vya kutosha maishani, lakini sijawahi kuona jiko la namna ile, na nilikaa humo karibu nusu saa.

Chumba cha Afonso wa Sita, mfalme wa Ureno, nilikipita haraka. Alipokonywa madaraka na mdogo wake, akafungiwa humo miaka kama tisa hadi alipokufa 1683. Wenyeji husema vigae vya sakafu vililika kwa nyayo zake, akienda na kurudi. Huenda ni hadithi tu, ila utajikuta unatazama chini.

Kilichonikaa rohoni ni Ukumbi wa Ngao. Mfalme Manuel wa Kwanza aliujenga mwanzoni mwa karne ya 16, na darini akachoresha ngao za koo 72 za wakubwa wake, kila moja imebebwa na kulungu, dhahabu kila upande. Ukoo wa Almeida umo. Francisco de Almeida ndiye aliyeivamia Kilwa Julai 1505, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Akina Távora nao walikuwamo, lakini karne ya 18 walishtakiwa kutaka kumuua mfalme, ngao yao ikafutwa. Kulungu wao bado yupo, hana alichobeba.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaosimulia enzi ya Manuel kama enzi ya "uvumbuzi". Kilwa haikuhitaji kuvumbuliwa. Ilikuwa na msikiti wa mawe, sarafu zake yenyewe na dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikipita mikononi mwake kabla Vasco da Gama hajaiona pwani yetu. Mwaka 1502 alitia nanga na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Mimi huita huo unyang'anyi, na sioni neno la adabu zaidi.

Kesho yake nilirudi Lisbon, nikaenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale kuitafuta dhahabu hiyo. Ipo. Manuel aliifanya chombo cha ibada, kikakamilika 1506: mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti, sura zao zimepakwa rangi kwa ustadi wa ajabu. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Niliinama hadi paji la uso likagusa kioo. Kwenye kitako wameandika mfalme aliyeagiza kitengenezwe, na dhahabu ilikotoka: kodi ya Kilwa. Jina lenyewe limechongwa kwa tahajia yao, na hilo hakuna aliyelifuta.