Wiki imeisha, mniache nishukuru huku nalalamika

Kila mtu siku hizi anasema hesabu baraka zako, hesabu baraka zako, haya nahesabu, ila mimi ni mwalimu na nikiandika shukrani tupu bila kulalamika hata kidogo wenzangu watajua simu imeibiwa.

Jumatatu printa ya ofisini ilitoa jaribio lote bila kukwama. Nyie mnaofanya kazi kwenye maofisi yenye printa za akili timamu hamtaelewa. Hii ya kwetu ina roho mbaya, inakaa kimya inakuchekea mpaka karatasi zimebaki chache na darasa limeshakaa linakusubiri, hapo ndo inatafuna moja na kuwasha kile kitaa chekundu, yani kama wewe ndo umeikosea adabu. Sasa Jumatatu zikatoka zote, zimenyooka, mwenzangu wa jiografia kasimama mlangoni anaangalia tu hasemi neno, na mimi sikusema, tuliogopa kuisifia ikasikia. Wino umefifia kiasi, swali la nne ili ulisome inabidi uinue karatasi uelekeze dirishani, darasa zima limeinua mikono kama watu waliovamiwa. Nashukuru hivyo hivyo.

Jumanne hesabu, kujumlisha sehemu. Nimeeleza, nimechora maduara, nimeyagawa, vumbi la chaki limenijaa mpaka kwenye kope, nageuka naangalia daftari la kijana mmoja wa mbele kaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Namuuliza imekuaje, ananijibu kwa utulivu kabisa, mwalimu juu nimejumlisha na juu, chini na chini. Nikamwambia mwanangu tulia, ulikuwa na nusu, nikakuongezea theluthi, sa hivi una 2/5 ambayo ni ndogo kuliko ile nusu uliyokuja nayo, mtu anaongezewa vipi halafu anapungukiwa? Akafikiri. Akasema inawezekana mwalimu, mama kaongezewa mshahara na bado anasema umepungua.

Niambieni hapo mnajibu nini. Mimi nilitafuta dasta nikaanza kufuta ubao ambao hauna kitu.

Lakini ndo nikapata zawadi yangu ya wiki, maana kuna binti anakaa nyuma kabisa, sijawahi kusikia sauti yake zaidi ya kuitikia majina asubuhi, naye huitikia kwa kunong'ona, huyo akashindwa kuvumilia akapaza sauti HAIWEZEKANI, nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla 5/6, na mambo ya mama yako ni makato hayo siyo sehemu! Kasema kwa hasira, kasimama kabisa. Darasa kimya. Alipojiona amesimama akakaa haraka akafunika uso na daftari. Maksi nilizompa hazipo hata kwenye mwongozo wa kusahihisha.

Jumatano sasa, sayari. Nilitaka kitu chepesi jamani, taja sayari nane, chora, tumalize kipindi. Mkono mmoja juu, mwalimu kaka yangu anasema zilikuwa tisa, moja imeenda wapi? Hapo nikajua kipindi kimekwisha. Nikawaambia Pluto iligunduliwa 1930, na aliyependekeza jina ni mtoto wa kike wa miaka 11 huko Oxford, Uingereza (wakaanza kupendekeza majina ya sayari zao, ndani ya muda mfupi tuna sayari tatu zenye majina ya wachezaji mpira), halafu 2006 wanaastronomia wa dunia wakakaa kikao wakaitoa kwenye orodha wakaiweka kwenye sayari kibete. Kosa lake nini? Nikaeleza masharti ya gimba la angani kuitwa sayari, kwanza lizunguke Jua, sawa inazunguka, pili liwe na umbo la mviringo, sawa inalo, tatu liwe limesafisha njia yake, yani kusiwe na vitu vingine vya kushindana navyo kwenye mzunguko wake, na Pluto njia yake imejaa mabonge ya barafu yanayozunguka pamoja nayo, hapo ndo ikaanguka.

Kimya kidogo. Kisha mmoja akasema taratibu, kwa hiyo alifukuzwa kwa kutofanya usafi.

Nimesomea ualimu, nimefanya semina, nina vyeti kwenye bahasha, sijawahi kueleza kitu kikaeleweka haraka hivyo. Wakaanza kumtetea! Si haki mwalimu, na wengine ndo waliochafua! Kwa nini hakupewa onyo kwanza! Kikao kilikaa na yeye yuko mbali huko, alijitetea vipi? Kiranja wa usafi peke yake ndo alikubaliana na adhabu. Usiku, saa za watu kulala, mzazi kanitumia ujumbe wa sauti, nikajua tayari kesi, kumbe anauliza mwalimu huko shuleni mmefundisha nini, mtoto amefagia chumba bila kuambiwa na anakataa kusema sababu.

Nimeusikiliza huo ujumbe mara nyingi kuliko inavyofaa.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha walimu, sitaki kukiongelea, nashukuru tu kwamba mwenyekiti alipigiwa simu akatoka nayo na hakurudi.

Halafu kuna madaftari. Yale hayana siku, yale ni ya wiki nzima, ukimaliza rundo hili lile limeshakua. Kuna waraka wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ILO la kazi na UNESCO la elimu, wa 1966 kuhusu hadhi ya walimu, ndo maana Siku ya Walimu Duniani inaangukia 5 Oktoba, wanaiadhimisha tangu 1994, na mle ndani wameandika kabisa kwamba idadi ya wanafunzi darasani iwe ile inayomwezesha mwalimu kumpa kila mmoja uangalizi wake, na masaa yake ya kufundisha yapangwe kwa kukumbuka kwamba kuna kuandaa somo na kusahihisha. Waraka mzuri sana, nimeusoma nikiwa nimeuegemeza kwenye rundo la madaftari ambalo lilikuwa refu kuliko taa ya mezani. Ila humo humo kwenye rundo nilikuta sentensi, nilitoa zoezi la kutunga sentensi kwa neno "subira", mmoja kaandika, "Mwalimu wetu ana subira lakini mshipa wa shingo unaonekana." Tiki. Tiki kubwa nyekundu, na sarufi yake iko sawa.

Ijumaa nimetoka mapema, begi begani, nimeshapita geti, nasikia mwalimu! mwalimu! nageuka ni yule wa mshahara wa mama anakuja mbio jasho linamtoka, mkononi kashika peni. Peni yangu! Ile niliyomwazima siku zile, na wote tunajua peni ya mwalimu ikishaazimwa ndo basi, huwa nazitoa huku naziaga moyoni. Nikaguswa kweli, nikamwambia asante mwanangu umenikimbilia mpaka huku kunirudishia, akasema ndiyo mwalimu, imeisha wino, nipe nyingine. Nimempa. Nilikuwa nimebaki na nyekundu tu, kwa hiyo hili rundo la wikendi nasahihisha kwa penseli, na mzazi atakayeuliza kwa nini tiki hazionekani aelekezwe kwa mtoto wa mwenzake.