Sosholojia, halafu?

Mtoto akisema anakwenda kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, suali la kwanza nyumbani ni "Halafu utafanya kazi wapi?" Kwa wazee wengi wa Unguja na Pemba kazi ni serikalini, na njia yake inajulikana: tangazo la Tume ya Utumishi, usaili, kisha kusubiri. Mwalimu na muuguzi wana pa kupangwa. Aliyesoma maendeleo ya jamii anagombea nafasi chache za afisa ustawi, na mara nyingi anagombea na darasa lake zima.

Wanaosema fani hizi zimezidi hawaropoki. Uchumi wetu umeegemea utalii, na hoteli ya Nungwi inatafuta mpishi, mhasibu, mtu wa mapokezi mwenye lugha mbili tatu. Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, hana meza pale.

Lakini hoja hiyo inatazama nafasi zinazotangazwa tu. Iko kazi ambayo aghalabu haibandikwi ubaoni: kudodosa. Mradi unakuja, unataka watu wa kupita shehia kwa shehia, mtaa kwa mtaa, na dodoso, ile fomu ya maswali. Hata Sensa ya Agosti 2022, iliyotuhesabu Zanzibar watu 1,889,773, ilifanywa na makarani waliobisha hodi wakiwa na vishikwambi.

Wanaoidharau kazi hii hawajaiona ikifanywa. Dodoso linauliza kipato cha mwezi. Mama anayelima mwani Jambiani hahesabu kwa mwezi, anahesabu kwa bamvua, maji yanapotoka sana akaweza kuvuna. Mdodosaji mvivu huandika sifuri akaenda zake. Anayejua kazi huuliza bamvua lililopita alikausha magunia mangapi, kilo aliiuza vipi, nani walimsaidia na walipata nini, ndipo anapiga hesabu. Hapo ndipo miaka mitatu ya chuo inapoonekana, na mhasibu wa hoteli asingeifikia hesabu ile.

Tatizo ni yanayofuata. Malipo ni posho ya siku, mkataba wa wiki chache, mchango wa hifadhi ya jamii hakuna. Watu huitwa kwa simu, na simu humpigia anayejulikana. Kijana wa Micheweni asiye na mtu mjini husikia mradi ulipokwisha. Na aliyekusanya haitwi kuchambua. Takwimu zinaondoka, ripoti inaandikwa kwengine, yeye anasubiri simu nyengine. Wengine huzeekea hapo wakidhani wako njiani. (Wanaojifunzia wenyewe Stata, programu ya kuchambua takwimu, usiku ndio nawaona wakitoka.)

Kwa hiyo sikubali kwamba fani haina soko. Soko lipo ila linanunua miguu ya kijana na kuacha kichwa chake. Vyuo vya Tunguu vingeweza kumfundisha mwanafunzi kuchambua takwimu alizozikusanya mwenyewe kabla hajamaliza. Na ofisi zinazotaka "uzoefu wa miaka mitatu" zingeanza kuihesabu miezi ya shehiani, maana leo mwombaji akiiandika kwenye wasifu wake huulizwa kama kweli alikuwa ameajiriwa.