Dakika Mbili za Basi Hewa

Ukurasa wa zamani wa mtandaoni wa mabasi ya mji wetu, huku kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa mbaya wa sura lakini mkweli. Unaingiza zile namba nane zilizobandikwa kwenye nguzo ya kituo, unapata orodha ya mabasi yanayokuja, kwisha. Gari ambalo GPS yake inasomeka liliandikiwa dakika zilizobaki. Lisilosomeka liliandikiwa saa ya ratiba tu, 19:42, ukajua hapo umwachie Mungu.

Wakaja mafundi wakauremba. Ramani, rangi, vijibasi vinavyotambaa, na juu kabisa kisanduku kinachouliza: "Unakwenda wapi leo?" Yaani mimi niulize basi liko wapi, na wao waniulize safari zangu! Zile namba nane pa kuziingiza hapakuonekana tena.

Basi, jioni moja ya Januari, baridi ya kung'oa masikio, nakwenda zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Ninayempokea ni dada mmoja wa Tanga, mpole mpaka uchelewe. Nikaandika jina la kituo, Church Street. Nikamwagiwa Church Street za nusu ya Uingereza, maana nchi hii kila kijiji kina kanisa, na kila kanisa lina mtaa wake. Sijachagua bado, yakaja mambo ya vidakuzi, zile "cookies" za mtandaoni: unakubali vyote au unataka kuvisimamia? Nani asimamie vidakuzi kwenye baridi ile? Nikavua glavu, nikakubali vyote.

"Dakika 2." Kijani kibichi.

Pembeni yangu alisimama bibi mmoja wa Kizungu na kitoroli chake cha sokoni. Akauliza simu inasemaje. Nikamtangazia kwa majigambo, dakika mbili.

Kwenye ramani basi likaja kweli. Likakata kona, likafika kituoni, likapanda juu ya kile kidoti cha buluu ambacho ndicho mimi, likanipitia na kuendelea zake. Barabarani hata paka hakupita. Kumbe ukurasa mpya umechanganya yote: hata basi ambalo halijulikani liliko linahesabiwa dakika za ratiba na kuchorwa linatembea. Nyumbani tumezoea wafanyakazi hewa. Hili lilikuwa basi hewa.

Simu ikaita. "Kaka, uko wapi?"

"Basi linaingia, dada. Dakika mbili."

"Hizo mbili si ulinipa kabla sijawanywesha wazee chai?"

Konda wa daladala naye husema "inaondoka hii" huku dereva yuko kwa mama ntilie anakula, lakini konda unamwona usoni, na ukikasirika unashuka. Huku unamshukia nani?

Bibi akavaa miwani, akataka kuziona hizo dakika kwa macho yake. Tukainamia simu wote wawili. Ghafla skrini nzima ikafunikwa: "Umeupendaje ukurasa wetu mpya?" Nyota tano kubwa, na alama ya kufungia pembeni kabisa, ndogo kuliko kucha. Kidole kimekufa ganzi. Nagusa alama, inaitika nyota. Nagusa tena. "Asante!"

Ndipo basi la kweli, ambalo kwenye ramani halikuwepo, likapita mbele yetu, taa zote zinawaka, viti vitupu. Huku usiponyoosha mkono dereva anakuhesabu mpita njia. Bibi alitamka neno ambalo sikutarajia kwa umri wake.

Nikaita teksi. Nauli ya basi serikali imeiwekea kikomo, pauni 3 tangu Januari 2025. Kikomo cha teksi ile alikijua dereva peke yake. Dada wa Tanga nilimkuta mlangoni, koti ameshavaa, hakujibu salamu.

Kesho yake nikawaandikia malalamiko, marefu, yenye kila kitu. Wakanijibu kwa adabu kubwa. Walinishukuru kwa nyota tano nilizowapa, wakaniarifu kwamba ukurasa mpya umefanikiwa sana, kwani abiria sasa wanakaa wakiutazama muda mrefu zaidi kuliko ule wa zamani.

Hilo sikuwabishia.