Mpiga dramu na fungu lake

Desemba 1996, katika Mahakama Kuu mjini London, jaji alitakiwa kujibu swali ambalo bendi nyingi hulikwepa tangu siku ya kwanza ya mazoezi: mpiga dramu ni mwenzetu, au ni mtu tuliyemwita aje kutupigia? Aliyelipeleka huko ni Mike Joyce wa The Smiths, bendi ya Manchester iliyoanza 1982 na kuvunjika 1987. Mwimbaji Morrissey na mpiga gitaa Johnny Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho. Joyce na mpiga besi Andy Rourke waliachiwa 10 kila mmoja. Jaji alirudi kwenye sheria ya ubia ya 1890, isemayo kwamba wabia wasiopatana vinginevyo hugawana sawa kwa sawa, akampa Joyce asilimia 25. Rourke hukumu hiyo haikumfaa kitu: mwaka 1989 alikuwa ameshakubali pauni 83,000 na kubaki na asilimia 10 yake.

Wengi huikumbuka kesi hii kama ushindi wa mpiga dramu. Ni ushindi kweli, ila nusu. Haki za utunzi hazikuguswa. Zilibaki kwa Morrissey na Marr, walioandika nyimbo. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo, hasa kwa bendi za roki zinazojitegemea, ambazo hazina lebo kubwa ya kuwalipa wala meneja wa kuwasuluhisha.

Nianze na upande wa mtunzi, maana wanaomtetea mpiga dramu huupita mbio. Hakimiliki kwa desturi yake hulinda maneno na melodia. Mdundo huachwa uwe mali ya wote, na si kwa uonevu. Ule mpigo wa kawaida wa roki, mguu kwenye moja na tatu, mkono ukijibu kwenye mbili na nne, ungekuwa na mwenyewe nani angethubutu kuanzisha bendi? Kuna pia suala la nani alikesha. Mtunzi ameishi na wimbo miezi kadhaa, ameutupa, ameuokota, amebadili ubeti wa pili hata hakumbuki mara ngapi. Mpiga dramu anakuja, anausikia mara tatu, anaupiga vizuri, anaondoka. Bendi changa hupitiwa na wapiga dramu wengi. Ukimpa kila mmoja fungu la utunzi, baada ya miaka michache wimbo mmoja una wadai ambao hata hawazungumzi. Tena kuna bendi zilizosimama bila mpiga dramu kabisa. Big Black ya Steve Albini, miaka ya 1980, ilitumia mashine ya midundo waliyoiita Roland na kuitaja miongoni mwa wapigaji kwenye rekodi zao.

Hayo yote nayakubali. Kinachonishinda ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa mdundo kwa jumla ni wa wote, basi alichokipiga mtu huyu ndani ya wimbo huu hakina mwenyewe.

Angalia kinachotokea chumba cha mazoezi. Mpiga gitaa analeta wimbo wa taratibu, umekamilika, anaamini hivyo. Mpiga dramu anausikiliza, anaondoa mkono kwenye matoazi, anahamia kwenye dramu nene ya sakafuni na kulichelewesha pigo la nne kidogo tu, kama mtu anayesita mlangoni. Mwimbaji anajikuta analivuta neno la mwisho ili likutane na pigo hilo. Kwa kuwa ameuvuta mstari, sauti inapanda mahali ambapo haikuwa ikipanda. Wakitoka pale, melodia si ile iliyoingia. Kwenye fomu ya hakimiliki litaandikwa jina la mpiga gitaa peke yake, na yeye mwenyewe hatakuwa amedanganya kwa makusudi; kwake wimbo bado ni ule aliokuja nao.

Mfano mchungu kuliko yote hautoki kwenye roki bali kwenye soul. Mwaka 1969 Gregory Coleman wa The Winstons aliachiwa nafasi apige peke yake kwa sekunde kama sita, kwenye upande wa pili wa santuri. Ni mizunguko minne tu. Miwili ya kwanza inafanana. Wa tatu pigo moja linachelewa. Wa nne unaanza na ukimya mahali palipopaswa kuwa na pigo. Watayarishaji wa hip-hop walikikata kipande hicho, kisha muziki wa jungle wa Uingereza ukajengwa juu yake, na leo kimo kwenye maelfu ya rekodi. Coleman alifariki 2006 akiwa hana makazi, hajalipwa chochote kwa sekunde hizo. Mtu atasema kipande kisingesambaa kama kila mtumiaji angetakiwa kulipa. Huenda. Lakini kati ya kulipa kila kitu na kutolipa kitu kuna nafasi kubwa, na hakuna aliyejali kuitafuta Coleman akiwa hai.

Upande wa pili wa shilingi ni R.E.M., bendi ya Athens, Georgia, Marekani. Nyimbo zao walizitia saini wote wanne, bila kujali nani alileta nini. Wanaopinga mtindo huu husema ni sadaka kwa mpiga dramu. Sasa chukua «Everybody Hurts» ya 1992: wazo lake kuu lilitoka kwa mpiga dramu, Bill Berry, na mdundo unaousikia kwa sehemu kubwa ya wimbo ni wa mashine, si wa mikono yake. Kilichokuwa kikigawanywa ni utunzi hasa. Machi 1995 Berry alipasukiwa na mshipa kichwani akiwa jukwaani Lausanne. Alipona, akajiuzulu 1997, akawa mkulima, na kwa hiari yake alisisitiza wenzake wasivunje bendi. Waliendelea hadi 2011. Sidhani mtu aliyelipwa kama kibarua angejali hilo.

Njia nyingine ni mpiga dramu kuwa mwenye mali. Lebo ya Dischord, Washington, ilianzishwa 1980 na Ian MacKaye pamoja na Jeff Nelson, mpiga dramu wa Minor Threat. Dave Grohl naye, aliyekuwa mpiga dramu wa Nirvana, Oktoba 1994 aliingia studio karibu na Seattle na kwa takriban wiki moja akarekodi karibu kila ala ya albamu ya kwanza ya Foo Fighters. Nampenda sana Grohl kwa ujasiri huo. Lakini ilipofika albamu ya pili, 1997, alizipiga upya yeye mwenyewe sehemu nyingi za dramu za William Goldsmith, mpiga dramu wa bendi hiyo, na Goldsmith akaondoka. Kumbe kuwahi kukaa kwenye kile kiti hakumfanyi mtu awe mpole kwa anayekikalia sasa.

Kwa bendi ndogo fedha zenyewe ni kidogo mno. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kinachoingia kwa kweli ni kiingilio cha mlangoni na fulana zinazouzwa baada ya shoo, wakati mpiga dramu bado yuko nyuma anafungua skrubu na kupakia mzigo mzito kuliko wa wenzake wote. Mapato hayo, na ya rekodi, yagawanywe sawa tangu shoo ya kwanza. Hapo sioni hoja ya kumnyima. Utunzi ni jambo jingine, nao nisingeugawa kwa kanuni moja. Ningetaka uamuliwe siku ileile wimbo unapokamilika, jasho likiwa halijakauka, rekodi ya simu ya mazoezi ya kwanza ikichezwa kando ya ile ya mwisho, na wote wasikilize kilichobadilika ni nini na kilibadilishwa na nani. Na anayeitwa kwa siku moja tu alipwe ya siku moja, aambiwe hivyo kabla hajafungua begi la vijiti.