Tarehe ya Mtihani wa Uzamivu Inamfunga Nani?

Miongoni mwa wanafunzi wa uzamivu Nairobi kuna ombi ambalo halikosi kuzuka muhula unapoanza: mtihani wa kufuzu, ule unaokuja baada ya masomo ya darasani na kabla ya kuruhusiwa kuendelea na tasnifu, usiwe na tarehe moja kwa wote. Kila mtu aufanye akiwa tayari. Kwa kweli ni ombi lenye utu. Mwanafunzi wa uzamivu ni mtu mzima, ana kazi, ana watoto, pengine yeye mwenyewe anafundisha chuoni; ya nini kumpigia kengele kama mtahiniwa wa KCSE wa kidato cha nne? Wanaoshikilia tarehe moja huonekana ni watu wa kanuni tu, wasiojua jiji hili linavyomla mtu muda. Nadhani wanaonewa. Na hasara ya kutowasikiliza inamwangukia huyo huyo mwenye kazi na watoto.

Tuanze na siku 21. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Likizo ya masomo haimo humo. Mwajiri akikupa, ni kwa hiari yake au kwa makubaliano ya kazini. Kwa hivyo mhasibu wa Upper Hill anayesomea uzamivu wa uchumi jioni ana wiki nne na siku moja za kuwa mwanafunzi kamili, basi. Ndani ya hizo kuna mazishi mashambani, kuna siku ya kumpeleka mtoto shule ya bweni, kuna Desemba na mambo yake. Akijua tangu Januari kwamba karatasi ya kwanza ni katikati ya Agosti, anaweza kupiga hesabu: siku kumi za Julai apitie karatasi za miaka iliyopita, nane za Agosti kwa marudio ya mwisho na mitihani yenyewe, tatu awaachie jamaa. Ni hesabu ya kubana, lakini inatoka.

Sasa mwondolee tarehe. Anamwendea mkubwa wake: "Bosi, naomba likizo ya mtihani." "Sawa, kuanzia lini?" "Bado hawajatuambia." Mazungumzo yameisha hapo, na mwenzake anayepeleka watoto Mombasa Agosti anaingizwa kwenye jedwali la likizo kabla yake. Au tarehe ipo, halafu idara inaisogeza hadi Oktoba wakati yeye tayari ametumia zile kumi za Julai. Hazirudishwi. Uthibitisho wa hisabati aliokuwa akiuandika bila kutazama kitabu, kufika Oktoba umebaki nusu, na nafasi ya kuurudia ni saa nne usiku, baada ya foleni ya Thika Road. Mtu wa namna hiyo akianguka, tutasema hakujiandaa.

Mtetezi wa tarehe huria atanijibu: ndiyo maana tunataka kila mmoja ajichagulie. Ila tarehe unayojichagulia haiwi yako peke yako. Maswali yatungwe, yapitiwe na mtahini wa nje, wasimamizi wa chumba cha mtihani wapatikane, na kama kuna sehemu ya mdomo, watu watatu au wanne wenye safari na warsha zao waketi chumba kimoja. Tena, nani anasema uko tayari? Kwa kawaida ni msimamizi wa tasnifu yako. Mwenye msimamizi anayejibu barua pepe atafanya Aprili. Mwenye msimamizi aliyezama kwenye ushauri wa kitaalamu wa mashirika atasubiri, na hatakuwa na wa kumlalamikia, kwa sababu hakuna kilichochelewa. Kwenye karatasi, tarehe moja inamfunga mwanafunzi. Kivitendo inaifunga idara zaidi, nayo idara ndiyo isiyo na haraka.

Mara nyingi tunaonyeshwa Marekani, ambako katika fani nyingi mwanafunzi hupanga siku na kamati yake. Sawa, lakini kule, hasa katika vyuo vikubwa vya utafiti, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida hulipwa ili asome au afundishe. Siku ni zake. Hapa wengi wanajilipia karo na kuchonga muda wa kusoma kutoka kwa mwajiri. Ukiuchukua ule uhuru bila ile posho, umechukua nusu ya mpango, tena nusu isiyo na faida.

Kuna jingine lisilotajwa. Matayarisho ya mtihani huu hayafanywi na mtu peke yake. Nenda maktaba ya Jomo Kenyatta pale Chuo Kikuu cha Nairobi Jumamosi asubuhi, utawakuta wanne wamegawana makala, kila mmoja anaeleza yake kwa wenzake, na anayeeleza vibaya anarudishwa akasome upya. Kuna bunda la karatasi za zamani zilizotolewa nakala mara nyingi hadi wino umefifia, pembeni zina majibu ya mkono ya waliotangulia, na baadhi ya makosa humo yamerithiwa darasa kwa darasa. Kundi kama hili huundwa na tarehe. Kila mmoja akiwa na siku yake, wa Aprili hana haja na wa Novemba.

Tarehe huria ina hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni uzazi na ugonjwa: aliye kwenye likizo ya uzazi ya miezi mitatu hawezi kuambiwa angoje mwaka mzima kwa sababu tu Agosti ilimpita. Ya pili ni migomo. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49 mwaka 2025, kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, na hakuna kalenda iliyosalimika. Tarehe ikiweza kuvunjwa hivyo, anasema mwenzangu, mnaitetea ya nini? Nami nasema chumba cha mtihani kilichofungwa na mgomo kimefungwa kwa wote, hata kwa aliyejichagulia siku. Tofauti ni kwamba penye kalenda, idara inadaiwa tarehe mpya hadharani.

Niseme pia kwamba si haki kuwashuku wanaotaka mabadiliko kuwa wanatafuta mteremko. Tangu Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilipotunuku shahada 118 za uzamivu kwenye mahafali moja na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaanza kuchunguza, kila pendekezo la kulegeza utaratibu linasikika kama kulegeza viwango. Ratiba si kiwango. Swali gumu hubaki gumu Aprili na hubaki gumu Agosti.

Kinachoweza kufanya kazi ni misimu miwili kwa mwaka, yote ikitangazwa Januari, mwanafunzi achague mmoja na aruhusiwe kuahirisha mara moja kwa sababu yenye ushahidi. Programu ya pamoja ya uzamivu wa uchumi iliyoanzishwa na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, mwaka 2002 ina wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali na mitihani ya jumla baada ya masomo ya msingi. Kwa mpango wa namna hiyo, kuhamisha siku kwa ajili ya mtu mmoja ni kuwavuruga wa nchi nyingine, kwa hiyo kalenda lazima iheshimiwe.

Lakini idara ikitoa tarehe Januari na orodha ya vitabu vya kusoma Julai, haijatoa kitu. Orodha ifungwe siku ile ile tarehe inapotangazwa, na mhadhiri aliyegundua makala mpya Mei aiweke kwenye orodha ya mwaka ujao. Matokeo nayo yapewe siku yake, ya Agosti yatoke kabla ya Novemba kuisha. Aliyeanguka kwa kawaida anaruhusiwa kurudia mara moja tu, na ofisi nyingi hupanga likizo za mwaka unaofuata kabla ya Krismasi; asipojua matokeo mapema, hawezi kuomba siku za kurudia.