Umetumwa sato watano umerudi na mmoja

Mimi nafanya kazi za meinifremu, ndio, yale makompyuta makubwa ya mabenki na bima ambayo watu wanadhani yalishakufa, yapo bana. Mashine yenyewe iko Ulaya sijawahi hata kuiona, mimi niko zangu Nyakato hapa Mwanza na feni.

Sasa nilikuwa nimetengeneza skrini ya jedwali ya ISPF (hiyo ndo programu inayosimamia skrini za meinifremu), jobu za usiku, yaani kazi ambazo mashine inajiendeshea yenyewe, zilizokwama kama mistari 40 hivi, unaweka S pembeni ya mstari, unapiga Enter, inaianzisha upya. Wiki nzima naijaribu, S moja, Enter, inakubali, nacheka peke yangu kama chizi.

Siku ya kuwaonyesha mabosi kwa video, mama naye katoka soko la Mwaloni alfajiri na ndoo ya sato, kakaa chini ya dirisha langu anaparua magamba, parr parr parr, nimefunga maiki lakini roho haijatulia. Bosi akasema niachie nijaribu mwenyewe. Akaweka S tatu, akapiga F8 kushuka, akaweka mbili tena, Enter. Hiyo F8 ISPF inaimaliza yenyewe, programu yangu haijui hata kama mtu kashuka, zile S zinasubiri tu Enter.

Ikaanzishwa jobu moja. Moja!

"Na zile nne?"

Nikasema labda mtandao. (Mtandao wa huku umeshabeba dhambi zangu nyingi.)

Kumbe TBDISPL, ile amri ya ISPF ya kuonyesha jedwali, inakukabidhi mstari mmoja tu, afu inakurudishia kodi 4 kwamba waliochaguliwa ni zaidi ya mmoja, na ZTDSELS, hesabu ya mistari iliyochaguliwa, imeandikwa kabisa 5. Unatakiwa uiite tena BILA jina la paneli (yaani skrini) ikupe wa pili, tena wa tatu, mpaka waishe, na mimi kwenye lupu, kile kipande cha programu kinachojirudia, kila mara naiita na jina la paneli, kwa hiyo badala ya kunipa anayefuata inachora skrini upya na wale wanne ndo kwaheri.

Nikaomba dakika kumi. Lupu nikarekebisha mikono inatetemeka, ila nikasahau kuifuta ile herufi S, na yenyewe haimo kwenye jedwali, ni variable tu ya programu, kama kisanduku cha kuhifadhia, usipoisafisha inajichora kila mstari. Bosi kurudi anakuta S, S, S, S skrini nzima kutoka juu mpaka chini. "Mtu yeyote asiguse Enter!" Nikamwambia mkuu hizo ni mapambo tu, ISPF inahesabu mstari ulioandikwa na mtu kwa mkono wake, lakini nani angeniamini tena saa hiyo? Akakimbilia F3, ya kutoka, kama nyumba inaungua.

Nikatoka nje nimenywea. Mama akauliza kulikoni, nikamweleza weee mpaka kwenye lupu.

"Yaani umetumwa sato watano, ukaleta mmoja, ukarudi sokoni ukaanza kuulizia bei upya?"

"Ndio, mayu."

"Si ulivyokuwa darasa la pili. Nakutuma chumvi, mafuta, kiberiti, unarudi na chumvi."

Nikamuuliza, hiyo chumvi ndo alikuwa anaitaja kwanza?

"Kila siku," akasema, akaendelea kuparua.